Mfongo Mkavu

Kijana wa duka moja mjini Moshi, jirani na stendi,
alinipigia hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi:
kisanduku cha hewani, elfu tisini, leo hii unachomeka;
waya, laki mbili na ushee, na fundi,
na subira.
"Sasa dada, una haraka au una majirani?"
Akacheka. Mimi sikucheka.

Nachora ramani za nyumba za watu.
Faili moja lina uzito wa gunia la kahawa mbichi,
na mteja wangu wa Dodoma hajui ukungu ni kitu gani.
Nikanunua hewa.

Wiki ya kwanza sina la kusema.
Kisanduku kilikaa dirishani kama paka,
taa yake ya kijani macho kodo usiku kucha,
na ghorofa ya Dodoma ikaondoka Uru
kabla uji haujapoa.

Kisha Aprili ikashuka.
Kwanza mlima ukajifunika, halafu mnara,
halafu migrivea ya ng'ambo ya korongo, mmoja mmoja,
halafu taa ikawa nyekundu.
Nilikihamisha: juu ya kabati, juu ya dari,
mbele ya sufuria iliyosimamishwa kiubavu
kwa ushauri wa shemeji Anaeli, fundi wa kila kitu.
Nikakesha nikitazama duara likizunguka
mahali pamoja, kama ng'ombe kwenye kigingi.
Asilimia arobaini na moja.
Arobaini na moja.
Hewa ni ya wote, ndiyo, na saa mbili usiku
wote wanaitaka.

Basi, waya.
Fundi alipima kwa hatua kutoka barabara ya lami:
mita mia na themanini, akasema, kazi ya asubuhi moja,
ila hapa katikati. Akanyoosha kidole.
Hapa katikati ni kwa Mama Nderingo.

Miaka kumi na mmoja hatujasalimiana na nyumba ile.
Baba alihamisha mpaka, au yeye ndiye aliyehamisha;
masale yaling'olewa usiku, migomba mitatu ikakatwa,
na siku ya msiba wa baba alipita njiani
na ndoo kichwani, hakuitua.
Hewa haikuniuliza habari hizo.
Ilivuka kihamba chake bila kubisha.
Ndiyo maana, nakiri, niliipenda.

Waya unataka hodi.

Nilikata jani la sale, nikalifunga fundo
vibaya, maana waliojua kulifunga hawapo,
nikaenda. Alikuwa anapukuchua maharage.
Akalitazama jani, akalitazama fundo,
akalifungua, akalifunga upya,
akanirudishia mkononi.
"Lete tena," akasema. "Sasa limekaa sawa."
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikalileta tena.

Hakusema amesamehe. Alisema nguzo hapana,
hataki kitu kimsimamie mlangoni kama askari.
Alisema: pitisheni chini. Mfongoni.

Mfongo ule babu yangu na babu wa mumewe waliuchimba,
wakagawana maji kwa zamu, wewe alfajiri, mimi jioni,
hadi mabomba yalipofika na kila nyumba ikafunga koki yake.
Sasa ni majani, chupa, kandambili moja ya mtoto.
Jumamosi tuliufukua: mimi, Anaeli,
na Aikarua, mjukuu wake, ambaye kabla hajashika jembe
alikwisha kuniuliza nywila.
Majembe yaligonga mawe yaliyopangwa vizuri mno
na mikono tusiyoijua.
Waya mweusi, mwembamba kama kamba ya mbuzi,
ukalala.

Kisanduku bado kimo kabatini,
kwa siku jembe la mtu litakapokata waya.
Litakata tu.

Jana imenyesha tangu kupambazuka.
Mlima haupo, mnara haupo.
Mama Nderingo alisimama mpakani, kajitanda mfuko wa mbolea,
akaita:
"Yanapita?"
Nikamwambia yanapita.